Mguu wa Chris Froome na mguu wa mjomba

Mliobaki hosteli wikiendi hii mnaijua hali: boom halijaingia, maji yanatoka yanapojisikia, na jirani yetu wa chumba cha pili ameamua kujifunza gitaa. Kwa hiyo leo habari za chuo naziweka kando. Naandika habari ya mguu.

Wiki iliyopita kwenye kozi ya saikolojia ya elimu tulipewa swali la kujadili kwa vikundi: msaada ni nini, na unajuaje kwamba umesaidia? Wenzangu wakatoa majibu ya kwenye desa. Mimi nilinyamaza, jambo litakalowashangaza wote wanaonijua, kwa sababu kichwani nilikuwa na jibu refu lenye baiskeli, jiwe la kunolea visu na paja la mjomba wangu. Kwa wasilisho la dakika tano lisingeenea. Hapa litaenea.

Kwanza niweke sawa jambo moja. Nikisema natoka Mazinde, wengi wenu mnadhani nilisoma ile sekondari ya wasichana ya Mazinde Juu. Jamani, hapana. Mazinde Juu iko juu kweli, kwenye baridi na ukungu. Sisi ni wa chini, kwenye joto, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, ukishaipita Mombo. Ukiwa ndani ya basi utaona mkonge mkono huu na ukuta wa milima ya Usambara mkono wa pili, halafu konda anapiga kelele na Mazinde imeshapita. Zamani haikuwa mahali pa kupitwa hivyo. Karne ya 19 Semboja, mtoto wa Kimweri, alikaa hapo akiitawala njia ya misafara. Siku hizi misafara ni malori, na anayeitawala ni dereva mwenye haraka.

Kati ya malori na milima ndipo wanapoishi watu wa baiskeli. Alfajiri akina mama wanashuka mlimani na mizigo kichwani: kabichi, karoti, viazi, maharage mabichi. Wakifika chini wanakuta vijana na wazee wakiwa na baiskeli zile nzito za Phoenix, zenye karia pana nyuma na stendi ya miguu miwili. Mzigo unafungwa kwa mipira ya ndani iliyochanwa kuwa kamba, unapelekwa Mombo au kwenye gulio. Kurudi wanabeba mchele, madumu ya mafuta, saruji, na mara nyingine godoro la maharusi. Mjomba wangu, mdogo wake mama wa tumbo moja, amefanya kazi hiyo tangu nikiwa darasa la pili. Ada yangu ya kidato cha tano ilitoka kwenye karia ile. Nalitaja hilo mapema mjue kwamba siandiki kama mtazamaji.

Wako kama ishirini hivi. Wana mwenyekiti, wana daftari la mistari lenye jalada la bluu, na wanakutana Jumapili jioni chini ya mwarobaini. Kila mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa wiki. Chama chenyewe hakina jina wala usajili. Ukiwauliza wao ni nani, watakujibu "sisi wa baiskeli", basi.

Machi 2024 masika yalikuwa yameanza. Mjomba alikuwa amebeba magunia mawili ya kabichi, anaelekea Mombo. Lori likampita. Halikumgusa, na wote waliokuwa nyuma yake wanakubaliana hivyo. Ila lori refu likipita kwa kasi huwa linasukuma upepo, halafu likishapita upepo uleule unakuvuta. Mwenye baiskeli tupu anayumba tu, lakini mwenye kabichi anaondoka nazo. Gurudumu la mbele likashuka ukingo wa lami, pale mvua ilipokuwa imeula udongo, akaanguka na magunia yote mawili yakamwangukia mguu wa kulia. Mfupa wa paja ukavunjika katikati.

Waliomfikia wa kwanza ni wenzake. Hawakumnyanyua. Mmoja alishawahi kupewa mafunzo ya huduma ya kwanza shambani kwenye mkonge, akawakatalia kabisa kumvuta. Wakakata mlingoti wa mkonge uliokauka (mnaujua, ule mti wa ua la mkonge, mwepisi na umenyooka kama rula), wakaupasua wakapata mabanzi mawili, wakayafunga ubavuni mwa mguu kwa mipira ileile ya kufungia kabichi. Ndiyo akapakiwa kwenye pikapu. Daktari aliyempokea aliuliza nani kafunga vile. Wakadhani anawagombeza. Kumbe alikuwa anasifia.

Siku nne za kwanza zilikuwa za ajabu. Simu zikapigwa kila kona. Watu waliowahi kubeba mizigo Mazinde wakahamia Morogoro, Tanga na hapa Dar wakatuma kwa simu, huyu 5,000, yule 10,000, mwingine 2,000 na maneno ya "samahani ndugu, ndiyo iliyopo". Zikafika 412,000. Mama alinipigia akilia, na hakulia kwa ajili ya ule mguu. Na hospitali walikwenda makundi kwa makundi, mpaka muuguzi akawaambia jamani, wodi hii si kilabu.

Naomba nieleze kidogo mambo ya paja, maana nilijifunza bila kutaka. Misuli ya paja ina nguvu sana. Mfupa ukikatika, misuli haijui kwamba umekatika, inaendelea kuvuta, na vile vipande viwili vinapandana. Mguu unakuwa mfupi. Kwa hiyo kama upasuaji hauwezekani siku hiyo, mguu unavutwa kwa kamba na uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, usiku na mchana, ili mfupa ukae kwenye mstari. Mgonjwa halali ubavu, haendi chooni, hafiki hata kwenye kikombe kilichoanguka sakafuni. Na kwenye hospitali zetu chakula, kufua, kuogeshwa na chupa ya mkojo ni kazi ya ndugu. Mjomba alikaa hivyo wiki tano akisubiri nafasi ya kuwekewa chuma.

Hapo ndipo daftari la bluu lilipopata kazi mpya. Badala ya michango tu, mwenyekiti alichora mistari ya zamu: tarehe, jina, asubuhi, jioni. Anayekwenda asubuhi anabeba uji kutoka kwa mkaza mjomba, anamwogesha mgonjwa, anabadilisha shuka. Wanaume watu wazima, wenye mikono migumu kama magamba ya mnazi, wakajifunza kumgeuza mtu kidogokidogo asipate vidonda vya mgongo. Mmoja aliniambia kwamba kufunga gunia la viazi lisilale upande na kumweka mgonjwa kwenye mto ni elimu moja. Sikucheka, kwa sababu alikuwa na sura ya mtu anayenifundisha.

Wiki ya tatu bibi akaja na lake. Bibi yangu ni mtu wa juu, ameshuka Mazinde kwa ndoa, na kwake mfupa ni kazi ya mganga wa mifupa. Alishazungumza na mmoja. Alisema mtoto wake anateswa, amefungwa mawe kama mtumwa, atolewe akatibiwe nyumbani. Daktari akaeleza, muuguzi akaeleza, mama yangu akaeleza kwa simu kwa dakika arobaini. Bibi akawa anaitikia "ndiyo mwanangu" huku anakunja kanga za mgonjwa aende naye. Na mjomba mwenyewe, niseme ukweli, alikuwa anataka kwenda. Wiki tatu kuangalia dari si mchezo.

Aliyemaliza kesi hiyo ni mzee mmoja wa baiskeli, mkubwa kuliko wote pale, ambaye pedali yake ya kushoto imefungwa kibao. Sote tumekua tukikiona kibao kile na hatukuwahi kuuliza. Siku hiyo alikuja zamu, akasikia maneno ya bibi, akavua viatu vyote viwili akasimama wima mbele yake. Mguu wa kushoto ulikuwa unaning'inia, mfupi kwa vidole vitatu. Akamwambia, "Mama, mimi nilitolewa hospitali nikiwa na miaka kumi na tisa. Waliponitoa walinipenda kama unavyompenda huyu." Kisha akavaa viatu vyake, akaenda kumwaga chupa. Bibi alikaa kimya muda mrefu. Jioni kanga zilirudi chini ya kitanda.

Nimelifikiria sana jambo hili. Daktari alikuwa na picha ya mionzi, na mzee alikuwa na mguu. Picha bibi hawezi kuisoma, ila mguu aliusoma mara moja. Sisi tunaojifunza ualimu tunaambiwa tuanze na anachokijua mwanafunzi, tunaandika kwenye mtihani, tunapata maksi, tunasahau.

Sasa Froome. Kuna kijana mmoja kwenye chama, mdogo wao wote, anayefuatilia mashindano ya baiskeli ya Ulaya kwenye simu kama ninyi mnavyofuatilia Simba na Yanga. Zamu zake zilikuwa za usiku, na usiku mrefu wa wodini unahitaji hadithi. Akamhadithia mjomba habari za Chris Froome. Wengi wenu mnamjua kama Mwingereza, lakini alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyemwingiza kwenye baiskeli akiwa mtoto ni David Kinjah, yule mwendeshaji Mkenya mwenye rasta anayefundisha vijana kule Kikuyu. Mwaka 2006 Froome aliivaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Baadaye akachukua uraia wa michezo wa Uingereza na kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Tarehe 12 Juni 2019 alikuwa Ufaransa, mjini Roanne, anakagua njia kabla ya mbio za kushindana na saa. Alikuwa anashuka mlima kwa kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa, akaachia usukani mkono mmoja apenge kamasi, upepo ukampiga gurudumu la mbele, akajibamiza kwenye ukuta. Paja la kulia likavunjika, na nyonga, na kiwiko, na mbavu. Akabebwa na helikopta mpaka Saint-Étienne na kupasuliwa kwa saa kama sita.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Upepo?" Akaambiwa ndiyo, upepo. "Na paja la kulia?" La kulia. Akanyamaza, kisha akauliza, "Alibeba nini?" Hakubeba kitu. Mjomba akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa. Mtu aanguke vile hana hata kabichi!

Kuanzia usiku ule Froome akawa kama mwanachama. Wakawa wanahesabu siku zake na siku za mjomba. Froome alirudi mashindanoni mwezi Februari 2020 kule Falme za Kiarabu, miezi minane na siku kadhaa tangu aanguke. Basi mjomba akajiwekea miezi minane. Kuna jambo jingine walilipenda: akiwa bado anauguza mguu, Julai 2019, alipewa rasmi ushindi wa mbio za Hispania za mwaka 2011, kwa sababu aliyekuwa mshindi alifutiwa matokeo kwa kesi ya dawa. Mwenyekiti alisema hiyo ni sawa na kulipwa deni la mkaa ukiwa kitandani. Kuhusu yaliyofuata baada ya kurudi, yule kijana hakusema, nami sikumkosoa. Froome hakushinda tena. Agosti 2025 akaanguka tena mazoezini karibu na Toulon, pafu likasinyaa, mbavu tano na pingili ya mgongo vikavunjika. Mjomba alipoisikia hiyo tayari alikuwa anatembea, akasema tu, "Mwenzangu huyo ana bahati mbaya na upande wa Ufaransa."

Narudi kwenye mstari. Mwezi wa tano chuma kiliingia, kirefu, ndani ya mfupa wenyewe, na siku chache baadaye akaruhusiwa kwenda nyumbani na magongo. Kila mtu akapumua. Picha zikapigwa. Na kwa kweli hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Mgonjwa aliye hospitali ana kitanda chenye namba, ana saa za kuonwa, ana habari mpya kila siku. Akishafika nyumbani anakuwa mtu aliyekaa. Mvua zilikuwa zimekata, mizigo imejaa, wenzake walikuwa barabarani alfajiri mpaka usiku. Zamu zikapungua kutoka mbili kwa siku hadi moja, kutoka moja hadi "nitapita kesho". Halafu kukawa na ugomvi wa baiskeli. Chama kilikuwa kimeifanyia ukarabati baiskeli ya mjomba, wakainyoosha rimu, wakabadilisha spoku, wakamkabidhi kijana mmoja aifanyie kazi na kuleta hesabu ya 3,000 kwa siku nyumbani kwa mjomba. Wazo zuri sana: mwenyewe amelala, baiskeli inamlisha. Ila 3,000 kila siku kwa baiskeli, si bodaboda, ni nyingi. Kijana akaanza kukwepa. Wengine wakasema anaiba, wengine wakasema ananyonywa. Nadhani wote walikuwa na haki kidogo. Ikaamuliwa alete 2,000 siku za gulio tu, na matengenezo yawe juu yake. Mjomba alikasirika na kutishia kuiuza.

Nilikuwa nyumbani likizo ile. Goti lake la kulia lilikuwa limekaza kama bawaba yenye kutu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa maelekezo ya kulikunja mara nyingi kwa siku, akawa anasema ameshafanya wakati hajafanya. Wageni wakija anajifanya amelala. Chuma kilishafanya kazi yake, mfupa unaunga, lakini goti lisipokunjwa mapema linabaki hivyo, na mtu mwenye goti la hivyo hapandi baiskeli. Alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa hataki kulipima.

Jumapili moja, wiki ya tisa tangu ajali, mkaza mjomba alikwenda chini ya mwarobaini. Si kawaida mwanamke kukaa kwenye kikao kile. Akaliomba daftari la bluu, akalifungua kwenye kurasa za zamu, akasoma kwa sauti. Tarehe fulani, asubuhi watu wanne, jioni watu sita. Tarehe fulani, asubuhi watu watano. Akaendelea hivyo mpaka akafika mwezi ule, akasoma: tarehe, tupu. Tarehe, tupu. Tarehe, tupu. Hakulaumu mtu. Alisema, "Zile siku za watu sita, mgonjwa hakupata usingizi. Ningeomba mniazime wawili wa zile siku mniletee leo." Akafunga daftari, akalirudisha, akaenda kupika.

Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu: sijawahi kusikia mhadhara wa chuo kikuu uliozidi ule.

Waliompata nyumbani kesho yake si kundi. Alikuja mmoja, mnoa visu. Huyu naye ni wa baiskeli ingawa habebi mizigo. Baiskeli yake haiendi popote ikiwa kazini: anaiweka kwenye stendi, gurudumu la nyuma linakaa hewani, ukanda wa mpira unatoka kwenye rimu unazungusha jiwe la kunolea lililofungwa mbele karibu na usukani. Mnoaji anakaa kwenye siti, anakanyaga pedali, cheche zinaruka. Mmewaona hata hapa Manzese. Aliishusha uani, akaiegemeza, akasema mgongo unamuuma na visu vya mtaa mzima vinamsubiri, je, mjomba anaweza kumkanyagia kidogo? Mgongo ulikuwa haumuumi. Kila mtu alijua hivyo, mjomba akiwa wa kwanza.

Ila baiskeli ilikuwa pale uani, na mtu wa baiskeli ni mtu wa baiskeli.

Tukamuuliza kwanza yule mtaalamu wa viungo, maana sikutaka kesi. Akacheka, akasema hospitali zenye uwezo zina baiskeli za kukaa mahali pamoja kwa kazi hiihii. Uzito hauendi mguuni, goti linakunjwa na kunyooshwa, na anayekanyaga anajiamulia kasi. Akatupa masharti. Ili pedali izunguke duara zima, goti linahitaji kukunjwa zaidi ya nyuzi 100, na mjomba alikuwa hajafika hata 80. Kwa hiyo wiki ya kwanza asizungushe. Aitikise tu pedali mbele na nyuma, nusu duara, kama bembea. Na siti ipandishwe juu kabisa, kwa sababu siti ikiwa juu goti halikunjwi sana.

Mnoa visu akapandisha siti, akachukua msumari akachora alama kwenye bomba la siti. Kila Jumatatu alikuja na spana, akaishusha kwa upana wa kidole, akachora alama nyingine. Siku kumi za bembea. Jirani zetu walikuwa wanakuja na visu, wanakuta mnoaji hanoi, anatikisa tu. Siku ya kumi na moja pedali ikapita juu. Ilipita na sauti, si ya baiskeli, ya mjomba. Halafu ikapita tena. Mkaza mjomba alitoka jikoni akidhani ameanguka, akakuta jiwe linazunguka.

Kuanzia hapo ilikuwa hesabu ya chuma. Visu vya jikoni kwanza, kwa sababu kisu hukigandamizi sana kwenye jiwe, pedali inabaki nyepesi. Baada ya wiki tatu, panga. Ukikandamiza panga, jiwe linagoma, mguu unalazimika kusukuma. Baadaye vikaja visu vya wakata mkonge, ambavyo lazima vikate kama wembe na vinakuja kwa wingi. Mwishoni mashoka. Hakuna aliyepanga ratiba hiyo kwenye karatasi. Mnoa visu alikuwa anapokea kazi na kuzichagua: hiki mpe, hiki bado. Na fedha waligawana, kwa hiyo mjomba akaanza kumrudishia mke wake sukari kwa mkono wake mwenyewe. Wageni wakija hajifanyi amelala tena. Hana nafasi, ana wateja.

Kwa wale wa Elimu: kuna makala ya mwaka 1976 ya Wood, Bruner na Ross, ile inayofananisha ufundishaji na miti wanayoifunga mafundi wakijenga ghorofa. Unaishikilia kazi pale mwanafunzi asipoweza, na unaondoa mti mmoja mmoja kadiri anavyoweza. Tumeikariri wote. Mimi naiona ile siti ikishuka kidole kimoja kila Jumatatu. Na naongeza, kwa ujeuri wangu, kwamba wale wataalamu hawakusema vya kutosha kuhusu yule anayekuja Jumatatu ya tisa. Kufunga miti siku ya kwanza watu wapo tele.

Desemba 2024 mjomba alitoka barabarani na karia tupu, akaenda na kurudi Mombo. Miezi tisa. Kijijini walisema Froome kamshinda kwa mwezi mmoja tu, na Froome alipanda helikopta. Mzigo kamili alibeba katikati ya mwaka uliofuata. Haendi tena na magunia mawili, anakwenda na moja na nusu, na lori likipiga honi nyuma anashuka kabisa anasimama kwenye majani. Mguu unauma wakati wa baridi. Anatembea akiegemea upande kidogo, ila miguu yote inafika chini, na mzee wa kibao huikagua kila akimwona.

Chama nacho kilijadili bima, maana 412,000 ziliisha kabla chuma hakijaingia na deni lilimaliziwa kwa mbuzi wa bibi. Mwaka ule kadi ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, yaani sawa na mchango wa wiki 30 wa mwanachama mmoja. Bunge lilikuwa limeshapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na wakabishana kama wasubiri hiyo au wakate kadi kwanza. Walikata. Wawili waligoma wakanunua tairi. Sina la kuwaambia, tairi nazo zinaokoa maisha.

Linaloendelea sasa ni kesi ya jiwe. Mnoa visu anataka mjomba aache kunoa kwa kuwa ameshapona, na mjomba anasema ana wateja wake ambao hawapendi mkono wa mwingine. Mwenyekiti ameamua mjomba anoe Jumatatu na Alhamisi, wakati mwenye baiskeli anapumzisha ule mgongo usiouma. Mama anasema wameanza kununiana vizuri kabisa, kama watu wenye afya.

Haya, saa sita usiku hii, gitaa limenyamaza na mimi nina wasilisho saa mbili asubuhi. Mwenye desa la mtaala wa kidato cha kwanza alifikishe kwangu kabla ya kifungua kinywa. Usiku mwema.